Jules Street nzima ilinikana mbele ya supervisor: survey ya uchaguzi 2009 na karatasi ambayo sijaisaini mpaka leo

Wakuu, naanza na swali ambalo kipindi kile sikuwa na jibu lake: kwa nini mtu aliyekusuka nywele Jumamosi asimame mbele ya bosi wako katikati ya wiki na kusema hajawahi kukuona maishani mwake?

Kaeni nalo kidogo.

Sina picha wala ushahidi wa kubandika hapa. Naandika kilichonikuta mimi mwenyewe, na pale ambapo sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki. Majina nimebadilisha. Anayetaka kubisha abishe tu, mimi mwenyewe ni mbishi tangu shule ya msingi, tutaelewana.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2009, South Africa inaelekea uchaguzi mkuu.

Mimi ni Mha wa Kigoma. Nilikuwa nimemaliza degree ya sociology hapa Joburg na permit yangu ya mwanafunzi inaelekea ukingoni. Nilipanga chumba cha uani kule Malvern, kwenye kiwanja kimoja na Warundi na Wakongo. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu, kwa hiyo wale Warundi walinichukua kama mtoto wa kwao aliyepotea njia akazaliwa Tanzania.

Kampuni moja ya utafiti, ofisi yao ilikuwa Newtown, ikapata kazi ya survey ya jimbo zima la Gauteng. Watu wanawaonaje wanasiasa? Wanauamini uchaguzi? Wataenda kupiga kura au watalala?

Walengwa wakubwa walikuwa wapiga kura. Ila kulikuwa na sehemu fupi ya wakazi wasio raia, maana aliyelipia utafiti alitaka kujua na wao wanaonaje mambo. Kwa Malvern na Bertrams walihitaji mtu wa Kiswahili. Nikapata.

Waliniambia wazi: ukifanya kazi safi, tunakupa mkataba wa kudumu na tunakuandikia barua ya work permit. Usipofanya, ndiyo basi.

Kwa hiyo mjue kilichokuwa mezani. Ni kubaki Joburg au kurudi Kigoma na degree kwenye bahasha.

Training ilikuwa ya siku chache. Tukafundishwa kwamba hatuchagui nyumba kwa kupenda. Unaanzia kona uliyopewa, unaruka nyumba kadhaa, unapiga hodi, unaruka tena.

Ukiingia ndani nako huchagui mtu. Unawauliza watu wazima wote wa pale nani birthday yake iko karibu zaidi, huyo ndiye unayemhoji. Eti hapo ndipo bahati nasibu inapokuwa ya haki.

Mimi nikanyoosha mkono nikauliza, je, tukiingia nyumba ambayo watu hawajui walizaliwa lini? Supervisor wetu, nitamwita Sipho, akasema kila mtu anajua alizaliwa lini, my sister. Darasa likacheka.

Wakuu, mlioishi na wakimbizi mshajua naelekea wapi.

Nyumba ya kwanza, Warundi watatu wazima. Birthday? Tarehe moja Januari. Na wewe? Tarehe moja Januari. Na baba? Moja Januari.

Mtu akifika kambini au ofisi ya wakimbizi bila cheti, karani anamwandikia mwaka wa kukisia na tarehe moja Januari, maisha yanaendelea. Mtaa mzima wamezaliwa siku moja. Mwaka mpya kule Malvern ni birthday ya taifa.

Nikaandika hivyo hivyo, kama ilivyo kwenye karatasi zao. Wenye tarehe sawa nikawachagua kwa kuvuta vijiti. Nani angenifundisha zaidi ya hapo?

Kisha yakaja maswali yenyewe. Kila swali lina alama moja hadi tano, moja ni mbaya kabisa, tano ni nzuri kabisa.

Mfano ni mama wa plot ya jirani, tumwite Mama Aline. Huyu ni fundi cherehani, banda lake liko Jules Street, na karibu kila Mrundi wa pale amevaa kitu kilichopita mikononi mwake. Mjane, mkali, hapendi maneno mengi. Alikuwa ananiita "mwanangu" hata akiwa ananigombeza.

Viongozi wa jimbo wanafanya kazi vipi?

"Tano."

Polisi?

"Weka tano."

Unajisikia salama hapa?

"Tano."

Wakuu, haujaisha hata mwaka tangu wageni wapigwe na kufukuzwa kwenye mitaa ya Joburg. Mama huyu alilala kanisani na watoto wake. Banda lake walilivunja wakabeba mpaka zipu. Halafu ananiambia usalama tano.

Tukafika kwenye umeme. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, amewasha mshumaa ili auone mshono.

"Mama, na umeme?"

Akaangalia mshumaa. Akaniangalia mimi.

"Umeme ni mzuri sana," akasema. "Tano. Wewe andika, mwanangu, usinichoshe."

Nyumba iliyofuata, tano. Iliyofuata, tano. Papa Glody, Mkongo wa Uvira anayesuka nywele kwenye kontena karibu na robot, yaani taa za barabarani, alinipa tano kabla sijamaliza kusoma swali. Nikamwambia Papa, subiri basi nisome. Akasema soma tu, dada, lakini jibu utalikuta pale pale.

Sasa hapa nisimame kidogo, maana najua kuna wajuaji watasema ningewaelimisha. Niliwaelimisha. Niliwaambia ni siri, jina halitoki, hakuna jibu sahihi. Walinitikia kwa heshima zote kisha wakasema tano.

Mtu aliyetoka kule walikotoka, akiulizwa na mwenye karatasi anawaonaje wakubwa, ana jibu moja tu. Si ujinga huo. Ni elimu, tena walilipia ada kubwa kuliko mimi.

Nikaandika tano zote. Nilijua zinanuka. Lakini kazi yangu ilikuwa kuandika nilichoambiwa, si kupamba.

Mwenzangu mmoja yeye alikuwa na njia yake. Alikaa kivulini petrol station na kopo la soda, anajaza fomu mwenyewe. Huyu anampa mwanasiasa mbili, yule nne, huyu hajui, yule amekataa kujibu. Alikuwa na kipaji, nakwambia. Fomu zake zilikuwa na uhai kuliko watu.

Mnajua zake zilipita?

Zangu ofisi ikazikamata. Watu wote wamezaliwa tarehe moja Januari, wote wanasema tano. Hata mimi ningekuwa ofisini ningeshtuka.

Utaratibu wa kampuni ulikuwa kwamba fomu zikitiliwa shaka, dada wa ofisini anawapigia simu waliohojiwa. Anauliza kitu kimoja: je, mtu wetu alikuja kwako?

Mimi nikasikia wanapiga simu nikafurahi. Nikasema sawa, wapigieni wote, mtajua.

Kesho yake Sipho akaniita Newtown. Akafunga mlango. Akaniambia wamepiga simu mtaa mzima na hakuna hata mmoja aliyesema nilifika kwake. Wengine walikata simu. Wengine walisema hawajawahi kusikia habari ya survey. Papa Glody alisema yeye hana simu, akiwa kwenye simu.

Nikacheka. Nilidhani utani.

Sipho hakucheka. Akasukuma karatasi mbele yangu. Imeandikwa kwamba mimi nakiri nilibuni mahojiano. Akanieleza kwa upole kabisa: ukisaini tunamaliza kimyakimya, unaweza hata kuomba kazi nyingine mwakani. Usiposaini, jina lako linatumwa kwa kampuni nyingine za utafiti, hutashika fomu tena nchi hii, na ile barua ya permit uisahau.

Nikamwambia sisaini.

Akasema, "My sister, fikiria vizuri."

"Nimefikiria. Siwezi kusaini kwamba sikufika mahali nilipofika. Chukua jaketi lako twende."

Sipho hakuwa mtu mbaya, niwe mkweli. Angeweza kuita mlinzi anitoe. Badala yake akachukua funguo za gari, tukaenda Malvern. Nadhani na yeye alitaka kujua.

Tukaanza na Papa Glody. Yupo mlangoni pa kontena na chanuo lake.

Sipho akamsalimia, akamuuliza kwa Kiingereza kama ananijua huyu dada, kama nilikuja kumhoji.

Papa Glody akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani. Na kichwani kwangu, wakuu, kulikuwa na twende kilioni alizonisuka mwenyewe Jumamosi, bado zinavuta ngozi.

Akasema hapana. Hajawahi kuniona.

Nikamgeukia kwa Kiswahili. "Papa Glody, hizi nywele nilisukwa na upepo?"

Hata hakupepesa. "Dada, wacha maneno," akasema polepole. "Rudia kwako." Kwa Kiswahili cha kwao Kongo, rudi nyumbani.

Sipho akaniuliza amesema nini.

Nikamvuta nyumba ya pili.

Nyumba ya pili, hapana. Ya tatu mama mmoja aliyekuwa ameniandalia chai siku ya mahojiano akafunga mlango huku anasema "no English", na mumewe ndani akarudia "no English" kwa Kiingereza kizuri kabisa. Kwenye spaza ya kona hata mwenye duka, ambaye sikuwa nimemhoji, akakana bila kuulizwa.

Sipho alikuwa ameanza kutingisha kichwa. "Eish. Hata ambao hukuandika kwamba uliwahoji wanasema hukuwahoji. Watu wako wamekufanya nini?"

Watu wako. Hilo neno lilinichoma kuliko yote.

Nikasema bado mmoja. Nikampeleka kwa Mama Aline.

Alikuwa kwenye cherehani yake. Alipotuona alitoa mguu kwenye pedali akasimama, kitu ambacho huwa hafanyi kwa mteja yeyote. Sipho akamuuliza kwa heshima, akamwita Mama, akaeleza kwamba hakuna atakayedhurika, anataka kujua tu: huyu binti alikuja hapa kukuuliza kuhusu uchaguzi?

Mama Aline alimtazama machoni.

"No," akasema. "This one, I don't know."

Mimi nilikuwa nimebakiza yeye tu. Nilimwambia kwa Kiswahili, tena kwa hasira, sitaficha, kwamba Mama, huyu bwana ananifukuza kazi, sema ukweli tu, nitarudishwa kwetu.

Akanijibu kwa Kirundi, ili hata Wakongo wasisikie. Akaniambia ninyamaze, nisimwite mama mbele ya mtu huyo, niondoke zangu.

Kisha akakaa, akaendelea kushona.

Sipho akaniuliza tena, "Amesema nini?"

Hapo ndipo nataka mnielewe. Ningeweza kumtafsiria. Neno moja tu: amenijibu kwa lugha yetu, ananijua huyu, anadanganya. Sipho angeamini, maana aliona nyuso zetu. Kazi yangu ingepona, permit ningepata.

Lakini nikiyasema hayo, maana yake nimemgeukia mtu wa ofisi, mwenye gari na kitambulisho shingoni, nikamwonyesha kwa kidole nyumba moja moja: huyu mwongo, huyu mwongo, na yule mkimbizi pale mwongo pia. Hata mwaka haujaisha baada ya yale yaliyotokea.

Nilikuwa na hasira nao mpaka basi. Lakini hasira ya ndani ya nyumba haitolewi nje akapewa mgeni.

"Hajasema kitu," nikamwambia.

"Kwa hiyo utasaini?"

"Sisaini. Sikufanya uongo na sitasema nilifanya. Andika unachotaka kwenye ripoti yako, ila mkono wangu huupati."

Akakunja ile karatasi, akaniuliza kama nataka lifti mpaka kwangu. Nikamwambia kwangu ni hapo nyuma ya ukuta. Akasema sharp, akaondoka. Sikumwona tena.

Fomu zangu zote zikatupwa. Eneo langu likajazwa upya, na kwa taarifa niliyoipata kwa watu wa ndani, aliyelijaza ni yule mwenzangu wa petrol station.

Matokeo yalipotoka, magazeti yaliandika wakazi wa Gauteng wanasema hivi, wakazi wa Gauteng wanasema vile. Nilisoma nikiwa nimesimama dukani. Kwa Malvern yangu, wakazi hao walikuwa mtu mmoja na soda.

Kuhusu permit, nilihangaika sana, mwishowe nikaipata kwa kufundisha shule moja ya binafsi. Sikurudi Kigoma. Nipo bado, mtanivumilia.

Ila nilihama Malvern mwezi ule ule, nikaenda Bertrams. Mama Aline alinitumia salamu kupitia watu, sikuzirudisha. Kichwani kwangu jibu lilikuwa moja: woga. Waliogopa wakajiokoa wao, wakaniacha mimi barabarani. Nilitembea na jibu hilo miaka mitano, na mimi nikiamini jambo huwa vigumu kuniambia kitu.

Sasa mafunzo, kabla sijamalizia.

Moja, mkiona mahali popote wameandika "wananchi wanasema", iwe huku, iwe Bongo, ulizeni kabla ya yote: wananchi walidhani anayewauliza ni nani? Usipolijua hilo, asilimia zako ni mapambo.

Lingine, majibu yanayofanana si lazima yawe ya kubuni, na yanayotofautiana vizuri si lazima yawe ya kweli. Mimi nimeona uongo wenye rangi zote ukipita na ukweli wa rangi moja ukitupwa.

Na la mwisho ni kwa vijana wenzangu mnaowekewa karatasi mbele. Kama hukufanya, usisaini. Watakuambia ni utaratibu tu. Wakikuogopesha, waogopeshe na wewe kwa kukaa kimya. Kazi nilikosa, lakini hakuna droo popote Joburg yenye sahihi yangu chini ya uongo.

Mnaofanya kazi za survey, sensa, NGO, mlishakutana na mtaa wa tano tupu? Mlifanyaje? Na mnaosema mimi ndiye niliyekosea, karibuni pia, leo nina muda.

Haya, lile swali la mwanzo.

Mwaka huu 2014 ni uchaguzi tena. Wiki kadhaa zilizopita nilihitaji gauni la kitenge kwa ajili ya harusi, na kila niliyemuuliza alinielekeza kwa fundi yule yule. Nikameza kiburi changu, nikaenda Jules Street.

Mama Aline alinipokea kana kwamba nilitoka jana. Akanipima, akanibandika pini kiunoni, akaniambia nimenenepa vizuri.

Nikiwa nimesimama hivyo na pini zangu, akaingia binti wa survey. Msouth mdogo, kitambulisho shingoni. Siasa, viongozi, uchaguzi. Mama Aline akampa tano zake zote bila kuacha kazi.

Binti alipofunga fomu yake, Mama Aline akamshika mkono. Akamwambia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba asiogope, hata bosi wake akija kuuliza, yeye atasema hajamwona kabisa.

Binti akacheka, akadhani mama anatania. Akaondoka.

Mimi sikucheka. Nikamuuliza, Mama, kwa nini?

Akamaliza upindo kwanza. Kisha akanieleza, kwa Kirundi, hajainua macho.

Kwao Burundi alikuwa na kaka yake, mwalimu. Ule mwaka wa uchaguzi wao, kabla ya vita, kaka huyo alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza watu na kuwafundisha habari za kura. Alipendwa mtaa mzima. Mambo yalipoharibika, walikuja wanaume na gari. Hawakupiga mtu. Walipita mlango kwa mlango wakiuliza kwa adabu swali moja: yule mwalimu, alikuja hapa kwako kuuliza habari za uchaguzi?

Na kila jirani, kwa kuwa alimpenda na alidhani anamtetea, alijibu ndiyo, alikuja, ni kijana mzuri. Gari likaondoka naye, hakurudi.

Wa kwanza kugongewa mlango na kujibu ndiyo alikuwa dada yake, huyu huyu aliyenibandika pini.